Nani Atavaa Nungunungu?

Jumatatu, 3 Juni 2024

Tumemzika rafiki yangu Apolinari leo saa tisa alasiri. Makaburini vumbi tupu. Padre alichelewa kwa sababu ya pancha. Nimelia. Naandika hapa kwa kuwa hakuna atakayesoma: nimelia kweli, kamasi mpaka kidevuni. Duara namba nne, shimo la machimbo yetu, lilimwangukia Jumamosi asubuhi, akiwa chini peke yake. Wamemtoa jana. Uso wake haukuwa na mkwaruzo hata mmoja. Ungedhani amejilaza tu baada ya ugali.

Lakini katikati ya kilio, udongo wa kwanza ukitupwa, wazo likanijia. Sikuliita, limekuja lenyewe. Fainali ni Jumamosi ya tarehe kumi na tano, kule Kagongwa. Sasa Nungunungu atavaliwa na nani?

Nieleze vizuri, nisije nikazeeka nikasahau. Nungunungu ni mnyama wa timu yetu, Nungunungu FC ya machimbo ya Mwakilugu. Yeye anachimba, sisi tunachimba, ndiyo maana. Vazi lake ni magunia mawili ya katani, kichwa cha ngozi ya ng'ombe, na miiba mia nne ya nungunungu wa kweli. Miiba tulipewa na wazee wa ngoma ya Bununguli, wale waliokuwa wakimfuata mnyama huyo mpaka ndani ya shimo lake. Kwa miaka mitano mwenye kulivaa alikuwa Apolinari. Akijitikisa miiba inalia cha! cha! cha! na kipa wa wageni anasahau jina la mama yake. Akina mama wanamtandikia kanga apite. Wachimbaji wanagusa mwiba mmoja kabla ya kushuka shimoni. Asiyegusa, wenzake hawamshikii kamba kwa moyo mmoja.

Na mimi? Miaka mitano nimemnywesha maji kwa mrija, maana kichwa hakivuliwi mbele za watu. Mwenye kichwa yeye, mwenye dumu mimi. Hata ndama hukua akawa ng'ombe!

Chacha kabeba jeneza mbele kabisa. Chacha ni mpiga tarumbeta wetu, mtu wa Tarime, mrefu mpaka anakera. Najua anachokitaka. Mimi nilikuwa nyuma, ila kwa ufupi wangu jeneza lilipita juu ya vidole vyangu. Kusema kweli nilitembea nimenyoosha mikono tu.

Jumanne, 4 Juni

Nimeamka na mpango. Nifike msibani kabla ya wote, nifanye kazi kuliko wote, Febronia, mjane wake, aone mwenyewe ni nani aliyempenda marehemu. Nikabeba kilo mbili za sukari. Sukari ni ya Klara, mke wangu, ambaye sikutaka kumsumbua kwa kumwambia.

Nafika saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Chacha huyo! Kavua shati, anapasua kuni, lundo limefika dirishani. Akina mama wanasema huyu kijana Mungu amzidishie. Nikaomba shoka. Akanijibu kwa sauti ya kusikika na wote kwamba nipumzike, kaka Mageni, na hiyo pumu yako.

Hapa niandike jambo lingine. Sina pumu. Sijawahi kuwa nayo. Naogopa shimo. Mwaka wangu wa kwanza hapa nilishuka mita kumi, kifua kikabana, nikapiga ukunga mpaka wakanivuta juu. Nikasema pumu. Wakanihamishia karasha, kusaga mawe juu ya ardhi, mahali pa watu wenye akili timamu. Aliyejua ukweli ni Apolinari peke yake, kwa kuwa siku ile yeye ndiye aliyeshika kamba. Akacheka kidogo, akaniambia ni siri yetu.

Vazi nimeliona. Linaning'inia msumarini chumbani kwa Febronia, nyuma ya pazia, kichwa kinanitazama. Nikajikuta nimesema pole. Sijui nilimpa nani.

Klara kagundua habari ya sukari. Chai leo imenyweka chungu.

Alhamisi, 6 Juni

Mpango wa pili: ndoto. Ndoto haina shahidi, na mtu aliyeota huwezi kumwambia hakuota.

Nikangoja wanaume wajae chini ya turubai. Gregory alikuwepo. Huyu ndiye msimamizi wa duara namba nne, na ndiye mwenyekiti wa timu, kwa hiyo kila kitu Mwakilugu kinapita kwake. Nikakohoa. Nikasimulia jinsi Apolinari alivyonijia amevaa nguo nyeupe, akachukua dumu mkononi mwangu, akaniwekea kichwa cha Nungunungu mikononi. Wazee wawili wakaitikia kwa vichwa. Nikaona mambo yanaiva.

Chacha akasafisha koo. Naye kaota! Kaota siku moja kabla yangu, na ndoto yake ilikuwa ndefu zaidi, yenye mto, ng'ombe na malaika mmoja. Ndani yake Apolinari alizungumza Kikurya. Apolinari! Msumbwa wa Ushirombo, asiyejua hata kusalimia kwa Kikurya! Nikauliza marehemu alijifunzia wapi. Mzee mmoja akanikemea kwamba wafu wanajua lugha zote, na mimi nina roho ya ubishi msibani.

Nimerudi nyumbani nimevimba.

Jumamosi, 8 Juni

Mpango wa tatu. Kama sipewi, nitatengeneza wa kwangu. Gunia moja, fito za ufagio mia mbili, gundi. Nikapanda juu ya jukwaa langu nyuma ya nyumba kufanya mazoezi.

Jukwaa! Sijaliandika. Ni siri yangu kubwa. Alhamisi, siku mbili kabla ya ajali, nilianza kumjengea Apolinari jukwaa la fainali, apande juu na Kagongwa nzima imwone. Ilikuwa iwe zawadi. Miguu yake ni magogo sita mazuri, yamenyooka, ya kuazima. Niliyaazima kwenye lundo la matimba la duara namba nne, haya magogo ya kuzuia udongo mle shimoni. Niliyachukua saa ya chakula, watu wakiwa kwa mama lishe. Lundo lilikuwa kubwa. Aliyechukua kwa ajili ya timu hajaiba.

Basi, nimepanda, nimejitikisa. Fito hazilii cha! cha! Zinalia kama mtu anafagia. Mbuzi wa jirani wakaja wakala nusu ya mgongo wangu nikiwa ndani. Klara alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akaacha kucheka ghafla, akaniuliza mimi rafiki yangu kafa wiki hii au kafa mbuzi.

Jumapili, 9 Juni

Siku mbaya.

Baada ya misa Febronia kaniita pembeni. Nikadhani ni vazi. Nikanyoosha kola. Akaniambia kitu kingine. Ijumaa ile, siku moja kabla, Apolinari alirudi nyumbani hakula. Walihesabu matimba wakakuta yamepungua sita. Gregory alisema mengine yatakuja Jumatatu, waendelee polepole. Jumamosi Apolinari akashuka kutazama ni sehemu gani inaweza kungoja. Haikungoja.

Halafu akaniuliza, kwa upole tu, mimi ninayekaa karasha pale njiani, sikumwona mtu yeyote akipita na magogo?

Nikasema sikuona mtu.

Alinishukuru! Wabeja, shemeji, akasema, ungeona ungesema.

Nimekuja nyumbani nimekaa nyuma ya nyumba nikitazama jukwaa. Sita. Nimeyahesabu mara nyingi na kila mara ni sita. Ugali umenikataa. Apolinari alikuwa anatafuta magogo yake mwenyewe na yalikuwa kwangu, chini ya turubai, yanamngoja yeye acheze juu yake. Ee Mungu wangu. Nikaamua: kesho asubuhi nakwenda kumwambia Febronia yote.

Baadaye. Nimekumbuka jambo! Jumamosi ile vazi halikuwepo Mwakilugu. Lilikuwa kwa fundi cherehani, kichwa kimefumuka. Kwa hiyo Apolinari alishuka bila kugusa mwiba! Na nani alilipeleka vazi kwa fundi? Chacha! Chacha na haraka zake. Magogo sita ni nini, duara lina magogo mangapi mle ndani? Ila mwiba haukuguswa, hilo kila mtu anajua maana yake.

Nimekula ugali wote na kiporo.

Jumatatu, 10 Juni

NIMELIPATA!

Matanga yameondolewa leo. Mzee Festo, baba mkubwa wa marehemu, kaja kutoka Ushirombo kugawa nguo. Suruali kapewa mdogo wake, koti la kanisani kapewa mpwa. Mwisho akaleta furushi kubwa. Miiba imetokeza nje. Akaanza kusema polepole kwamba hili ni furushi la kazi, na kwao nguo ya kazi haigawanywi vipande, atakayesimama alichukue...

Nilisimama kabla hajamaliza! Nikatazama upande wa Chacha. Hakuinua hata kidole. Nikajua kashindwa, ndoto yake imekwisha nguvu.

Mzee Festo akanitazama juu mpaka chini, safari fupi. Akauliza mara tatu kama nimekubali. Nikakubali mara tatu, ya tatu kwa kelele. Akanivisha kichwa. Akina mama wakapiga vigelegele. Ndipo akamaliza sentensi yake.

Atakayelichukua amechukua na kazi yake. Akafungua furushi lote. Chini ya Nungunungu kulikuwa na kofia ngumu ya Apolinari, mabuti yake, na tochi yake ya kichwani. Nafasi yake kwenye kamba ya duara namba nne ni yangu. Mimi nashuka, mfuko wa mawe wa Apolinari, yaani mgao wake, unaendelea kwenda kwa Febronia na watoto wake watatu. Asiposhuka mtu, nafasi inapewa mwingine na mjane harambi hata vumbi. Ndiyo sheria ya duara, Gregory akathibitisha. Duara litafunguliwa Jumatatu ya tarehe kumi na saba.

Nikasema kitu ndani ya kichwa. Hakuna aliyesikia, ngozi ya ng'ombe ni nzito. Febronia alilia akanipigia magoti. Chacha akanishika mkono akasema pole, mura. Kumbe alikwisha uliza habari za desturi ya Ushirombo tangu Jumamosi!

Jumatano, 12 Juni

Nimejaribu pumu. Nimekohoa mbele ya Mzee Festo tangu getini mpaka sebuleni. Akanipa tangawizi.

Nikaenda kwa Febronia kumweleza kwa heshima kwamba mgonjwa kama mimi shimoni ni hatari kwa wenzangu. Alikuwa anachambua maharage. Hakuinua macho. Akasema anajua kuhusu pumu yangu. Mume wake alimwambia zamani, kitandani, kwamba pumu ya Mageni haiko kifuani. Lakini alimkataza asimcheke mtu. Alisema Mageni ni mwoga ila ni mtu mwema, na siku moja akipata sababu atashuka.

Mtu mwema. Nilikaa pale nikatazama maharage yake. Maneno yalikuwa mdomoni kabisa, magogo, magogo sita, shemeji nisamehe. Nikafungua mdomo. Akaingia Martina, mtoto wake mkubwa, ana miaka minane. Akapiga goti kidogo.

Akasema shikamoo baba.

Juzi nilikuwa mjomba Mageni. Lakini nguo za baba yake ziko kwangu, kwa hiyo ni baba, wamemfundisha hivyo. Nikasema marahaba. Nini kingine ningesema? Akaniuliza kama dumu la Jumamosi limeshapata mtu wa kulibeba. Nikamwambia atalibeba yeye. Nikaondoka upesi.

Jumamosi, 15 Juni

Naandika nikiwa sina sauti.

Tulikwenda na Fuso mbili. Jukwaa juu ya lori la kwanza, nimewaambia watu ni mbao za shemeji yangu wa Kahama. Kagongwa ni mji wa mchele, timu yao inaitwa Wakoboaji, na mnyama wao si mnyama. Ni gunia la mchele lenye miguu ya binadamu! Limejazwa pumba, linarukaruka, watoto wa kule wanalipenda kufa. Likanifuata kunitania kabla ya mechi. Likanikumbatia kwa nguvu. Miiba mia nne! Pumba zikaanza kumwagika, likakimbia uwanja mzima likipungua, mpaka likabaki jamaa mmoja mwembamba ndani ya mfuko. Hata watu wao walicheka.

Kipindi cha pili, bado sifuri kwa sifuri. Nikapanda jukwaani. Ndani ya kile kichwa kuna giza, na kuna harufu ya Apolinari. Ugoro wake na jasho lake. Alijishonea kitambaa pale paji la uso lisichubuke, na mimi sasa kitambaa kile kipo kwenye paji langu. Martina akapanda na dumu akaniwekea mrija mdomoni. Akaniuliza kwa sauti ndogo, baba, maji yanatosha?

Nikavunjika. Nililia mle ndani kwa kwikwi, mabega yote yanaruka. Nilisema jina lake. Nilisema nisamehe Apolinari, nimekuua kwa ajili ya jukwaa. Na kila kwikwi miiba inalia cha! cha! cha! Watu wetu wakapagawa. Hawajawahi kuona Nungunungu akijitikisa hivyo! Kipa wa Wakoboaji akageuka kutazama. Mpira ukampita chini ya mkono, taratibu kabisa, ukaingia.

Moja bila. Mabingwa!

Wamenibeba na jukwaa lenyewe. Kutoka uwanjani mpaka barabara ya lami wanaimba Mageni, Mageni. Akina mama wametandika kanga. Chacha kapiga tarumbeta mpaka mdomo ukavimba. Sijawahi kupendwa hivi maishani. Machozi yalikauka yenyewe.

Jumapili, 16 Juni

Kichwa kinauma, ila ni maumivu matamu.

Baada ya misa Gregory alisimama nje ya kanisa. Kesho duara namba nne linafunguliwa. Kaleta matimba mapya kumi na mawili, yamelundikwa pale mlangoni mwa shimo, ni kamili kwa sehemu ile mbovu, pasipungue hata moja. Na yule aliyechukua yale sita ya zamani ayarudishe kimyakimya, hataulizwa. Alisema hivyo akitazama watu wote. Febronia alikuwa amesimama karibu yangu. Nikainamisha kichwa. Niliamua palepale, kwa moyo wote, leo jioni nalivunja jukwaa nayarudisha. Ndivyo mtu mwema angefanya.

Halafu Gregory akasema jambo la pili. Jumamosi ijayo kombe litatembezwa Mwakilugu nzima, na wageni watatoka mpaka Masumbwe. Nungunungu awe mahali pa juu, aonekane.

Sasa fikiri mwenyewe. Nivunje jukwaa wiki hii hii? Na jana nilipokuwa najitikisa nusura nidondoke, ni jembamba. Tena Chacha tayari amekwisha sema naye atasimama juu yake na tarumbeta. Tukiwa wawili magogo sita hayatubebi. Mtoto anaweza kuumia. Usalama kwanza!

Saa nane, watu wakiwa kwenye chakula, nimepita pale mlangoni mwa shimo na mkokoteni. Nimechukua sita. Nimeacha sita. Mimi ni mfupi, shimo la mtu mfupi halihitaji magogo mengi. Na duara lenyewe sasa ni langu pia, kwa hiyo huwezi kuita wizi. Yote kumi na mawili nitayarudisha Jumapili ijayo.

Klara kauliza magogo yametoka wapi. Nimemwambia ya timu. Kaenda kunipigia pasi ovaroli.

Kofia ya Apolinari inanikaa. Mabuti ni makubwa, nimejaza matambara. Naogopa, siandiki uongo, kifua kimeanza kubana tangu sasa. Lakini Apolinari alishuka bila kugusa mwiba, na mimi ninayo mia nne humu ndani. Mmoja nimeuweka mfukoni kabisa. Saa kumi na mbili asubuhi naugusa, nashuka.

Jukwaa limependeza sana. Limepanuka. Nimemwahidi Martina kwamba Jumamosi atakaa mbele kabisa.